Rashi ya Broadway: nimesimama kwa saa tatu na nusu kwenye baridi, mtu wa saba akamaliza tiketi. Hesabu yao ikoje?

#1 MguuBaridi
Wakuu, naandika huku vidole vya miguu bado havijanirudia.

Niko New York wiki mbili, kikazi. Kuna muziki mmoja wa jukwaani Broadway, kwenye zile kumbi kubwa za maonesho za huku (siutaji, msije mkanijazia foleni kesho) ambao tiketi ya chini kabisa niliyoiona mtandaoni ni dola 140 na ushee. Nikasikia habari ya rashi: unaamka mapema, unakwenda dirishani siku ileile ya onesho, likifunguliwa saa nne asubuhi unauziwa kwa dola 40 na kitu. Nikasema hii ndiyo yangu.

Leo nimefika saa kumi na mbili na nusu. Wa tisa. Baridi ya Februari ya huku haitoki juu, inapanda kutoka kwenye zege, inapita soli, inapita soksi mbili. Jamaa wa mbele yangu alikuja na kipande cha boksi akakikanyagia. Nikamcheka kimoyomoyo. Kufika saa mbili natamani kumwomba nusu.

Saa nne dirisha likafunguliwa. Mtu wa saba akatoka anacheka, na bwana wa mlangoni akatutazama sisi tuliobaki akasema zimekwisha. Basi.

Maswali yangu: hizo tiketi huwa ngapi, na nani anapanga idadi? Maana dakika ileile nilichungulia kwenye simu, ukumbi una viti vya bei ya kawaida tele, havina mtu. Kwa nini wasiniuzie kimoja? Na linaloniuma zaidi: waliopata walipewa safu ya mbele! Mwenye dola 40 anakaaje mbele ya aliyelipa 300?

#2 MlaKaranga
Naweka kigoda hapa. Wajuzi wa starehe za watu njooni.

#3 ShangaziFoleni
Pole mwanangu. Mimi foleni hizi nimezianza tangu nilipohamia Queens hapa New York, na goti langu la kushoto linaweza kuja kutoa ushahidi.

Kosa lako ni kuhesabu vichwa. Hesabu tiketi. Kila mtu huruhusiwa mbili, na karibu wote huchukua mbili. Ukiwa wa tisa, kwa hesabu wewe ni wa kumi na saba. Mimi nikikuta vichwa kumi mlangoni sisimami, nakwenda ukumbi wa pili. Ziko jirani, unavuka mtaa mmoja tu.

Halafu soma masharti kabla hujatoka nyumbani. Kuna rashi ya kila mtu, kuna ya wanafunzi wenye kitambulisho, kuna ya vijana wa chini ya umri fulani. Kila onesho na sheria yake, na sheria hubadilika bila kupigiwa ngoma. Lile boksi, ungemwomba tu. Watu wa foleni si wachoyo.

#4 BwanaHesabu
Nijibu la viti vitupu. Kiti cha onesho ni bidhaa inayooza saa moja au saa mbili usiku, pazia likifunguka. Lakini saa nne asubuhi bado ni kibichi. Kuna mtalii yuko hotelini anakula kifungua kinywa, mchana atanunua kile kiti kwa dola 200 bila kuuliza. Wakikuuzia wewe kwa 40 wamempoteza yule. Kwa hiyo wanatenga idadi ndogo ya rashi, nyingine wanazishikilia.

Na bei yako haikuwa dola 40. Ilikuwa dola 40 pamoja na saa tatu na nusu za baridi. Mwenye hela hana muda, mwenye muda hana hela. Foleni inawatenganisha hao wawili bila kumuuliza mtu mshahara wake.

#5 Kiti_K27
Nampinga #4, ingawa kaandika vizuri. Kama shida ingekuwa kuoza, wangeuza jioni, nusu saa kabla ya pazia, siyo asubuhi. Na wasingeuza safu ya mbele, wangeuza zile za pembeni kule juu.

Chanzo chake ni historia. Mwaka 1996 onesho la Rent lilihamia ukumbi wa Nederlander wa Broadway, mtaa wa 41. Onesho linahusu wasanii wachanga wanaoshindwa kulipa kodi ya nyumba, halafu tiketi zinauzwa bei ambayo watu wa namna hiyo hawaziwezi. Aliyelitunga, Jonathan Larson, alikuwa ameshafariki Januari mwaka huohuo, kabla hata halijafika Broadway. Wazalishaji wakaamua safu mbili za mbele ziuzwe dola 20, siku ileile ya onesho. Watu wakawa wanalala kando ya ukumbi usiku kucha. Maonesho mengine yakaona vijana wanavyojaa, yakaiga. Safu ya mbele imebaki kwa mazoea yaleyale.

#6 NusuTiketi
K27 naona unachanganya mambo. Tiketi rahisi za mbele ni za onesho la Hamilton, tena kwa bahati nasibu, dola 10. Wao ndio walioanzisha. Na ni 10 kwa sababu sura ya Hamilton mwenyewe, yule mwanasiasa wa zamani wa Marekani anayesimuliwa humo, iko kwenye noti ya dola 10.

#7 Kiti_K27
La noti ni kweli, la kuanzisha si kweli. Hamilton iliingia Broadway 2015. Bahati nasibu ya Rent ni ya 1997. Ilikuja baada ya ile foleni ya kulala nje kuwa kubwa mno: mwenye kazi au shule hawezi kulala mtaani, na mtaa wa 41 enzi zile haukuwa mahali pa kumwacha binti wa watu alfajiri. Wakaacha foleni, wakaanza kuchomoa majina saa mbili kabla ya onesho. Miaka kumi na minane kabla ya Hamilton.

#8 NusuTiketi
Nimesalimu amri. Ila Hamilton wana rekodi yao: Januari 2016 walipohamishia bahati nasibu mtandaoni, siku ya kwanza watu zaidi ya 50,000 waligombea tiketi 21, na tovuti ikazimia. Hiyo usinisahihishe tafadhali.

#9 Kiti_K27
Hiyo iko sawa. Leo unalala salama.

#10 FundiTaa
Mmeongea historia na uchumi, hakuna aliyekaa kwenye kiti chenyewe.

Nimefanya kazi nyuma ya jukwaa miaka kadhaa. Safu ya mbele kwenye kumbi nyingi ni kiti kibovu, mkuu. Jukwaa liko juu, wewe uko chini, shingo unaikunja mpaka mapumziko. Miguu ya wachezaji huioni wakirudi nyuma. Ngoma iliyopangwa ionekane kama nyota au duara, wewe unaona mstari wa magoti. Moshi ukimwagwa unakuja kwako kwanza. Kichwa cha kiongozi wa muziki kipo katikati ya picha yako usiku kucha. Na mwimbaji akitamka herufi P kwa nguvu, unaiona inavyoruka kwenye mwanga.

Kiti kizuri kiko katikati, safu ya saba au ya nane kwenda nyuma kidogo. Hapo ndipo wenye 300 walipo. Hujapunjwa, na wao hawajapunjwa.

Ila kuna lingine, hili nimelisikia kwa waigizaji wenyewe: mbele wanataka mtu aliyepigania kufika. Aliyenunuliwa tiketi na kampuni yake huwa anasinzia kipande cha pili. Yule wa foleni analia, anacheka, anaimba kwa midomo. Jukwaani unaonekana, taa inakupiga usoni. Usidhani huonekani.

#11 MguuBaridi
FundiTaa nakuelewa, lakini basi mbona nimeona maonesho mengine yanauza safu hiyohiyo ya mbele kwa bei ya kukufuru? Kiti kibovu kwangu, kizuri kwa tajiri?

#12 BwanaHesabu
Ndiyo hoja yangu hiyo. Zamani bei ya juu ilikuwa moja kwa kila anayekaa chini. 2001 onesho la The Producers wakaanza kuuza viti vichache kila usiku kwa dola 480. Walanguzi walikuwa wanaviuza kwa bei za namna hiyo mtaani, wazalishaji wakasema faida hii kwa nini iende kwa mlanguzi. Kuanzia hapo, taratibu, kiti kikawa na bei ya siku yake. Hamilton walifika dola 849 mwaka 2016. Kwa mtindo huo, onesho likiwa moto mbele panauzwa ghali, likipoa panarudi rashi. Moyo wa huruma haumo humo.

#13 Kiti_K27
Hamilton huyohuyo wa 849 alikuwa anauza mbele kwa dola 10, siku hiyohiyo, onesho hilohilo. Lilikuwa moto kuliko yote. Hapo nadharia yako inakaa wapi?

#14 BwanaHesabu
Matangazo. Tiketi chache za dola 10 zinaandikwa na magazeti yote, bure.

#15 FundiTaa
Au uzalendo wa wasanii. Si kila kitu ni matangazo, mkuu.

#16 MamaWawili
Ninyi mnaobishana wengi ni wanaume msio na mtoto wa kupeleka shule saa mbili. Nani atalala nje?

MguuBaridi, jaribu ya simu. Kuna programu ya TodayTix, maonesho mengi ya Broadway hufungua rashi yao humo saa tatu kamili asubuhi. Uwe umeshajisajili na kadi ya benki imeshaingizwa. Ukianza kuandika namba za kadi saa tatu na sekunde kumi, umeshaachwa. Mimi nashika simu mbili, mkono mmoja simu, mwingine chupa ya maziwa.

Halafu kuna bahati nasibu za mtandaoni, unajiandikisha unasahau. Nilijaribu moja mara 23, nilikuwa naandika kwenye kalenda ya jikoni. Ya 23 nikapata. Mtoto akapanda homa jioni hiyohiyo. Nikataka kumpa dada yangu, haiwezekani, jina ni langu na dirishani wanataka kitambulisho. Viti viwili vikakaa vitupu nami niko nyumbani namkanda mtoto kwa kitambaa cha maji. Nimeifuta ile kalenda.

#17 MlaKaranga
Pole dada. Hiyo ya 23 imeniuma hata mimi niliyekuja kutafuna karanga.

#18 MtoroWaDarasa
Hakuna aliyetaja tiketi za kusimama. Baadhi ya kumbi, zikiuza viti vyote, ndipo huuza nafasi za kusimama nyuma ya safu ya mwisho ya chini. Nilipata onesho la The Book of Mormon hivyo nikiwa mwanafunzi, dola 27. Kuna ukingo wa mbao mbele yako, unaegemeza viwiko, na sehemu yako ina namba kabisa kama kiti. Unaona jukwaa zima, hakuna kichwa cha mtu. Kwangu ilishinda safu ya mbele.

Shida ni kwamba hujui kama zitauzwa mpaka ukumbi ujae. Ukijaa sana ndiyo raha yako, usipojaa huna chako.

#19 MlaKaranga
Ngoja nielewe. Unasimama nje kwa saa nne ili ununue ruhusa ya kusimama ndani kwa saa mbili na nusu?

#20 MtoroWaDarasa
Ndani kuna joto.

#21 ShangaziFoleni
Hahahaa. Mtoro kamaliza.

#22 Pazia_Jekundu
Salamu kutoka London. Huku West End, kwenye kumbi zetu za maonesho, tulizizoea kwa jina la tiketi za siku, watu walipanga foleni asubuhi vilevile. Nyingi zimehamia kwenye simu, hufunguliwa saa nne. Hamilton ya ukumbi wa Victoria Palace nayo ina bahati nasibu ya pauni 10. Foleni za mlangoni zimepungua, na nasema ukweli naona pengo lake. Nilipata mchumba kwenye moja.

#23 MlaKaranga
#22 usipite hivihivi. Mlipata na tiketi?

#24 Pazia_Jekundu
Moja. Nikamwachia yeye.

#25 NusuTiketi
Si uende tu pale Times Square kwenye ngazi nyekundu? Si ndiyo rashi hiyohiyo?

#26 ShangaziFoleni
Siyo hiyohiyo, NusuTiketi, leo huna bahati. Lile banda ni TKTS, lipo tangu 1973, linaendeshwa na TDF, shirika lisilo la faida. Ngazi nyekundu juu yake ni za juzi tu, 2008. Pale unauziwa tiketi za maonesho mbalimbali kwa punguzo, mara nyingi kati ya asilimia 20 na 50. Rashi unanunua ukumbini kwenyewe au kwenye programu yake, bei moja iliyopangwa. Na lile onesho linalojaa kila siku hulioni kwenye ubao wa TKTS, au ukiliona, nusu ya bei yake bado ni kodi ya chumba.

Ila likikosekana la foleni, ule ubao si mbaya. Nenda Jumanne au Jumatano, si Jumamosi. Na Januari hadi Februari watalii wamepungua, ndiyo maana mleta mada ulikuwa wa tisa. Desemba ungekuwa wa arobaini.

Kitu kingine: hata ukilipa bei kamili, nunua dirishani. Mtandaoni wanakuongezea ada za huduma ambazo dirishani kwa kawaida hazipo.

#27 MlaKaranga
Swali la mwenye lugha yake. Lile onesho la Simba na Pumbaa, The Lion King, nikifika dirishani nikasema hakuna matata, sipati punguzo? Maneno yetu wameyatumia miaka yote hii. Wimbo wa kuanzia wote Kiswahili.

#28 Kiti_K27
Wimbo wa kuanzia si Kiswahili, mkuu. Ule mwito wa mwanzo ni Kizulu, kazi ya Lebo M, mwanamuziki wa Afrika Kusini. Kiswahili ni majina: Simba, Rafiki, na huyo Pumbaa ambaye kapewa jina linalomfaa. The Lion King ilifunguliwa 1997 ukumbi wa New Amsterdam, tangu 2006 iko ukumbi wa Minskoff.

#29 MlaKaranga
Wazulu wadai chao, sisi tudai chetu. Punguzo je?

#30 FundiTaa
Sema hakuna matata, watakujibu dola 150. Matata yapo.

#31 MguuBaridi
Tumefika mbali. Jamani, kuna mtu kanifuata leo pale foleni akaniambia kwa dola 50 atanisimamia kesho kuanzia saa kumi alfajiri. Ni halali?

#32 ShangaziFoleni
Usikubali. Rashi nyingi anayesimama ndiye anayenunua, na wakimjua wanamtoa. Halafu piga hesabu: 50 ya kusimamiwa na 40 ya tiketi, umebakiza kidogo ununue ya TKTS ukiwa umelala mpaka saa tatu.

#33 BwanaHesabu
Biashara hiyo ni ya siku nyingi. Kwenye maonesho ya bure ya Shakespeare kule Central Park watu walikuwa wanalipwa kusimama. 2010 mwanasheria mkuu wa jimbo, Andrew Cuomo wakati huo, akaingilia kati, akisema tiketi za umma haziuzwi kwa njia ya mgongo. Ila oneni jinsi inavyoshuhudia hoja yangu ya #4: foleni ni bei, ndiyo maana inaweza kuuzwa.

#34 MamaWawili
Inashuhudia kwamba masikini anasimama mara mbili, kwa ajili yake na kwa ajili ya tajiri.

#35 Kiti_K27
#34 hapo umempiga BwanaHesabu pabaya.

#36 BwanaHesabu
Nimeumia lakini sijabadili msimamo.

#37 FundiTaa
Rudi kwenye swali la kwanza, idadi. Ukumbi nao una neno lake. Gershwin, wanapocheza onesho la Wicked, una viti zaidi ya 1,900. Hayes haufiki 600. Sehemu nyingine idadi ni safu fulani, haibadiliki. Sehemu nyingine mtu wa dirishani anaangalia asubuhi kilichopo. Kuna na viti vilivyoshikiliwa kwa ajili ya wageni wa wazalishaji na waigizaji. Wasipovidai, huachiwa karibu na siku. Ndiyo maana leo saba, kesho kumi na nne.

#38 ShangaziFoleni
Kwangu mimi ni mtu wa dirishani tu. Nimeona mvua ikinyesha, mama mmoja analia, mara zikapatikana mbili ambazo dakika moja nyuma hazikuwepo.

#39 Kiti_K27
Shangazi, hizo ndizo za wageni anazosema #37. Siyo machozi.

#40 ShangaziFoleni
Wewe hukuwepo.

#41 MguuBaridi
MREJESHO. Nimerudi Jumatano, onesho la mchana la saa nane. Nimefika saa kumi na moja na nusu, wa tatu, na boksi langu. Nyuma yangu kaja binti hana boksi, nikamkatia nusu.

Wawili wa mbele wakachukua mbili mbili. Mimi nikasema moja, niko peke yangu. Safu ya mbele, mwisho kabisa kulia. Yote aliyosema FundiTaa ni kweli. Shingo imekufa. Kwenye kona ya mbali ya jukwaa mambo mazima yalitokea, nimesikia watu wanacheka, sijaona kitu. Lakini kipande cha pili mwimbaji mmoja alikuja akapiga goti ukingoni, kama mita moja na nusu kutoka kwangu. Soli ya kiatu chake imebandikwa raba nyembamba ili asiteleze, imeanza kubanduka kwenye kidole gumba. Alikuwa anatetemeka kidevu kabla ya kutoa noti ile ndefu. Wa dola 300 hawezi kuwa ameiona ile raba.

Asanteni wote. Boksi nimemwachia binti, kasema kesho anakwenda ukumbi wa mtaa wa pili.

#42 BwanaHesabu
Hongera. Sasa tuambie ulipofika dirishani: walikuwa na ngapi za rashi jana? Tufunge hii hesabu.

#43 MguuBaridi
Mkuu, nilivyoona tiketi mkononi nilisahau kuuliza.

#44 MlaKaranga
Karanga zimeisha. Nani ana boksi?